Kocha Aliyesema Pumua

Pale klabu yetu ya Busia, mimi ndiye niliyekuwa napima makocha. Hakuna aliyenipa hiyo kazi. Nilijipa mwenyewe, kama nilivyojipa kazi zangu zote, na kama kuna mtu upande wowote wa mpaka anabisha, aje tubishane, mimi muda ninao.

Klabu yenyewe ilikuwa godauni. Zamani watu waliweka pamba humo. Mwenyewe, Mhindi, alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake, godauni likabaki na harufu ya pamba na popo chini ya mabati. Sisi vijana tukaingia na vyuma vyetu vya kunyanyua. Usifikirie vyuma vya dukani. Duka gani lingekuwa na chuma, wakati sabuni yenyewe tulikuwa tunaiota? Chuma chetu kilikuwa ekseli ya lori lililofia njia ya Masinya, na kila mwisho wa ekseli tumetia mikebe ya rangi iliyojazwa simenti. Aliyejaza mikebe ya kushoto aliongeza kokoto. Tulikuja kujua simenti imeshakauka. Ndiyo maana mpaka leo, ukikutana na kijana ambaye bega lake la kushoto limepanda kuliko la kulia, msalimie vizuri, huyo ni wetu.

Kazi yangu ya mchana ilikuwa kutengeneza baiskeli, zile za kuvusha watu na mizigo kutoka boda mpaka boda. Shule tuliachana darasa la tano, na si mimi niliyeanza. Lakini jirani yangu alikuwa muuza nyama, na mimi misuli niliisomea buchani kwake. Ng'ombe akishaning'inizwa anakuonyesha kila kitu: hapa ndipo bega linapojishika, hapa mgongo unapita, huu msuli unavuta ule. Nilikuwa nauliza maswali mpaka wateja wanakasirika. Kwa hiyo nilipoanza kusema huyu kocha anajua na yule hajui, sikuwa nabahatisha.

Na kipimo changu kilikuwa kimoja tu: nadanganya. Kocha mpya akija, namwendea nimeshika bega, uso nimeukunja, nasema, "Kocha, naumwa hapa." Siumwi popote. Nataka tu kuona atafanya nini. Kwa sababu makocha wanaojua kukusukuma ni wengi, hata punda ana mtu wa kumsukuma. Lakini anayejua kukusimamisha?

Wa kwanza niliyempima alikuwa na kifua kama mlango wa benki. Nikamwambia naumwa. Akasema, "Maumivu ni woga unatoka mwilini," akaniongezea mkebe. Jioni hiyohiyo soko zima lilikuwa linajua. Jumapili iliyofuata alibaki peke yake na popo.

Wa pili alikuwa Haji. Tulimwita Haji kwa sababu ya kofia yake na tumbo lake, maana Makka alikuwa hajafika. Mbali kabisa alikofika ni Mombasa, kupeleka kahawa. Alikuwa na lori moja, na kwa vile spea zilikuwa hazipatikani, lori lilikuwa linalala siku nyingi kuliko linavyotembea, naye akahamishia kelele zake klabu. Nilipomwambia naumwa, aliweka kikombe chake chini, akanibonyezabonyeza bega taratibu kama anayenunua parachichi, halafu akanichapa kofi palepale. Nikaruka.

"Wewe mwongo," akasema. "Bega mgonjwa hapana ruka namna hii. Kamata muhogo, kula."

Tangu siku ile mimi ni mtu wa Haji. Na kuna lingine. Siku moja, kwenye rodibloku ya njia ya Tororo, wanajeshi walikuwa wamenilaza kifudifudi kwa sababu ya sabuni niliyoficha ndani ya boksi la spana. Lori la Haji likafika. Akashuka anacheka, tumbo mbele, akawaambia, "Afande, mnalaza huyo? Huyo taniboi wangu wa lori, akili yake iko nusu. Nilimtuma spana, ameleta sabuni." Wakacheka. Sabuni wakachukua, mimi wakaniacha. Mtu aliyekutoa chini ya buti kwa kicheko, utamsema vibaya na mdomo gani?

Haji alifundisha kwa lugha ya tairi. Kwake mtu ni tairi. Kuvuta pumzi alikuwa anasema "jaza." Kuishikilia, "funga." Kuitoa, "toa upepo!" Sisi tulicheka siku ya kwanza, kwa sababu mnajua nyinyi wenyewe mtu akitoa upepo mbele za watu maana yake ni nini. Siku ya pili tulikuwa tumezoea. Yeye mwenyewe hakunyanyua kitu kizito kuliko kikombe, lakini sauti yake ingeweza kuamsha lori.

Sasa, binamu yangu.

Mama mdogo anakaa Lumino, analima. Mtoto wake wa kwanza ni wa rika langu. Ni mtu wa maneno machache, sijui maneno ya ukoo yote yalikuja kwangu, na ana mgongo ambao hata muuza nyama aliuangalia akatikisa kichwa kwa heshima. Alikuwa anabeba magunia pale mpakani. Tukasikia kiwanda kimoja cha Tororo kinatafuta wanyanyuaji wa klabu yake, na kwamba kutakuwa na mashindano uwanjani. Atakayefanya vizuri atachukuliwa na kupewa kazi. Kazi ya kiwanda wakati ule ilikuwa si mshahara tu. Ilikuwa sukari ya mgao, na ilikuwa kitambulisho. Kijana mwenye kitambulisho cha kazi akisimamishwa na wanajeshi anaonyesha karatasi. Asiye nacho anaonyesha mgongo.

Mama mdogo akaja Busia kwa miguu yake, amebeba kuku, akanikalisha chini.

"Wewe mwanangu unajua kuongea," akasema. "Mwenzako hajui. Yeye hana cheti, ana mgongo. Mimi nalima kwa mgongo huo, wadogo zake wanakula kwa mgongo huo. Umpeleke kwa mwalimu anayejua. Ukinirudishia mtoto amevunjika, nitakuvunja wewe."

"Mama mdogo, mimi ndiye napima makocha hapa."

"Nasikia. Ndiyo maana naogopa."

Kwa hiyo nikampeleka kwa Haji. Na Haji, mtu niliyempenda kuliko chai yenye sukari, akamtazama binamu akinyanyua mara chache, akakuna tumbo, akasema, "Huyu mzigo mkubwa. Nitaita mtu."

"Mtu gani, Haji? Wewe si upo?"

"Mimi najua kupiga kelele. Mgongo namna hii unataka fundi."

Fundi mwenyewe akaja kesho yake jioni amekaa nyuma ya baiskeli, miguu ameiinua ili raba zake nyeupe zisiguse tope. Mkenya. Alikuwa karani kwenye ofisi ya mizigo ng'ambo ya pili, anavuka akimaliza kazi. Trakisuti ya bluu, filimbi shingoni, nywele zimechanwa. Na Kiswahili chake, wallahi, kilikuwa kimepigwa pasi. "Hamjambo wanamichezo? Naomba tuanze kwa sala fupi." Popo wenyewe walinyamaza.

Nikamchukia palepale. Kwanza alikuwa amekuja juu ya Haji wangu. Pili, pale ukutani tulikuwa na kioo chenye ufa, kilitoka kwa kinyozi aliyehama, na huyu bwana, binamu akinyanyua, yeye anamsimamia mbele halafu macho anayapeleka kwenye kioo. Anajiangalia! Nikawaambia wenzangu, "Mnaona? Huyu amekuja kutazama trakisuti."

Nikampa kipimo. Nikamwendea nimeshika bega. "Kocha, naumwa hapa."

"Pole sana," akasema. "Linauma ukiinua mkono au ukiushusha?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema, "Zote."

"Likikuuma, linachoma au linavuta?"

"Linachoma. Linavuta pia."

"Usiku unalilalia?"

Nikaanza kutoka jasho. Uwongo wangu ulikuwa mfupi, haukuwa na vyumba vya ndani namna hiyo. Nikasema ndiyo, silali kabisa. Akanitazama kwa huruma kubwa, akasema, "Basi usiguse chuma mpaka nikuruhusu. Lakini usikae bure. Chukua ufagio, mwendo ule wa kufagia utalisaidia bega."

Nikawa nafagia mavi ya popo. Kila jioni. Wenzangu wananyanyua, mimi nafagia, na siwezi kusema siumwi kwa sababu nimeshasema naumwa hata silali. Haji alikuwa ananipitia na kikombe chake, ananong'ona, "Pole mgonjwa," halafu tumbo linatikisika.

Lakini ufagio ulinipa nafasi ya kuchunguza, na siku nilipomkamata, nilimkamata kweli.

Binamu alikuwa na tabia moja mbaya. Akikamata chuma chini anavuta pumzi, anaifunga, na haifungui tena mpaka chuma kirudi chini. Kwa uzito mdogo si kitu. Lakini tukianza kuongeza mikebe, chuma kikifika kifuani, kabla hajakisukuma juu, uso wake unabadilika unakuwa kama biringanya, macho yanatafuta mahali pa kwenda. Mara moja alikwenda kabisa, miguu ikalegea, tukamdaka na ekseli ikapita kando ya goti lake. Niliona jembe la mama mdogo likipita mbele ya macho yangu.

Basi jioni hiyo binamu ananyanyua, chuma kimefika kifuani, mishipa imesimama. Kocha wa ng'ambo akapaza sauti:

"Pumua!"

Binamu akaachia chuma. Chote, palepale, bum! Mkebe mmoja ukapasuka, kocha akaruka kama mbuzi kuokoa raba zake, vumbi mpaka juu.

"Mbona umeangusha?" kocha akauliza.

"Umeniambia nipumue," binamu akasema. Hayo ni maneno mengi kwake.

"Ndiyo! Upumue!"

"Nimepumua."

Akamwambia arudie. Kikafika kifuani. "Pumua!" Bum. Mara ya tatu binamu alikuwa tayari ameudhika, naye kocha ameudhika, na mimi niliutupa ufagio nikaja katikati yao.

"Wewe kocha gani?" nikasema. Sikusema, nilipiga kelele. "Mtu chuma kiko kifuani, kimebaki kidogo kifike juu, wewe unamwambia apumzike? Unataka ashindwe? Umetumwa? Haji, huyu mtu ametumwa kutoka ng'ambo kuharibu ndugu yangu!"

"Kijana, punguza sauti. Sikumwambia apumzike. Nimemwambia apumue."

"Na tofauti iko wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jua ni mwezi. "Kupumua ni hewa! Kuvuta hewa na kutoa hewa! Wewe hapo ulipo unapumua!"

"Mimi hapa nilipo nafagia! Sijapumua tangu mchana!"

Godauni likaanguka kwa kicheko, mimi sioni cha kuchekesha. Kwetu, mtu akilima akachoka, anasimika jembe, anasema "ngoja nipumue." Wapagazi pale mpakani, msimamizi akisema "pumueni," magunia yanakwenda chini, watu wanakaa juu yake. Binamu alikuwa amelisikia neno hilo tangu anaanza kutembea nyuma ya mama yake shambani. Pumua maana yake weka chini. Hewa tulikuwa tunaivuta tu, hatukuwa na haja ya kuiamrisha.

Haji alikuwa ameketi kwenye gunia lake, anafuta machozi kwa kofia. "Mwalimu," akamwambia Mkenya, "Kiswahili yako safi sana. Hapa kwetu inateleza. Ambia huyu kijana toa upepo."

"Hapana."

"Toa upepo tu, mwalimu. Neno mbili."

"Haji, mimi ni mzee wa kanisa. Siwezi kusimama mbele za watu nikatamka hayo."

Wakajaribu kumfundisha binamu upya. Walimkalisha, wakamweleza, akaelewa vizuri kabisa, akaitikia kwa kichwa. Akashika chuma. "Pumua!" Bum. Akili ilikuwa imeelewa, mikono haikuambiwa. Wakajaribu kunyamaza, asiambiwe kitu, akawa biringanya tena. Mwishowe wakapatana: Mkenya afundishe mgongo, magoti na viwiko, na chuma kikifika kifuani Haji apige kelele yake. Na hapo, bwana, kitu kikaanza kuonekana. "Toa upepo!" Binamu anatoa, pssss, kama tairi kweli. "Jaza!" Anajaza. "Peleka!" Na chuma kinakwenda juu kama kimeitwa na mtu.

Mimi nikawa bado nafagia, na bado nanuna. Siku moja nikafagia mpaka nyuma ya pale Mkenya alipokuwa anasimama. Nikainua kichwa kutazama kile kioo chake nimkamate anajipenda. Sikumwona yeye kwenye kioo. Kutoka pale aliposimama, kioo kilikuwa kinaonyesha mgongo wa binamu. Mtu alikuwa mbele anaona magoti, na kwenye ufa wa kioo anaona uti wa mgongo, vyote kwa wakati mmoja. Hata buchani huwezi kuona ng'ombe pande zote mbili hivyo.

Nilifagia tu. Lakini siku hiyo sikununa sana.

Siku ya mashindano tulipanga kwenda na lori la Haji. Asubuhi tukasubiri, lori halikuja. Akaja kijana wa gereji anahema: wanajeshi wamelichukua lori tangu alfajiri kubeba viti na hema la wageni, na Haji wamemchukua nalo maana hawawezi kuliwasha bila yeye. Tukasema hewala, basi tutamkuta hukohuko uwanjani. Tukapanda pikapu ya mtu wa samaki, binamu katikati tumemzungushia gunia asipigwe na upepo, kocha anashikilia trakisuti yake isiguse sangara. Rodibloku tulipita salama. Mwanajeshi aliuliza tunakwenda wapi, binamu akasimama tu ili aonekane, mwanajeshi akasema, "Pita, pita."

Tororo uwanjani watu walikuwa wamejaa, mwamba mkubwa wa mji ule umekaa juu yetu kama mtu aliyefika mapema akachukua nafasi nzuri. Viti vipo. Hema lipo. Haji hayupo. Tukauliza, tukaambiwa lori limetumwa Mulanda kuleta meza. Meza! Nilitaka kwenda Mulanda kwa miguu.

Halafu masharti. Kocha mmoja tu ndiye atasimama kando ya jukwaa. Sisi wengine nyuma ya kamba. Na kwa sababu mkubwa mmoja wa jeshi alikuwa mgeni wa heshima, miwani myeusi, fimbo mapajani, ikatangazwa kwamba mtu akiwa ananyanyua, uwanja unyamaze. Askari wenye viboko wakatembea kwenye kamba kuhakikisha. Mimi, mwenye mdomo unaojulikana nchi mbili, nikasimamishwa mbele ya kiboko na kuambiwa kimya.

Kabla hawajaanza nilimvuta kocha shati. "Mwalimu," nikasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo, "Haji hayupo. Utamwambia nini?"

Uso wake ulikuwa mkavu. "Nitajaribu ishara ya mkono."

"Hataona. Chuma kikifika kifuani haoni hata mama yake."

Akaishika filimbi yake, akaenda kando ya jukwaa.

Binamu alinyanyua ya kwanza, uzito mdogo, akapita bila kupumua kabisa. Ya pili, biringanya ikaanza, lakini ikawahi kwisha. Aliposhuka aliyumba, akashika kamba, nikamsikia anahema kama mbwa. Kijana mmoja wa Mbale alikuwa ameshanyanyua zaidi. Ilibaki ya tatu. Wakaongeza vyuma, vyuma vya kweli hivi, vyeusi, vya mviringo, pande zote sawa. Nikawaza jambo la kijinga, kwamba bega lake la kushoto litashangaa.

Akainama. Mgongo ukanyooka vilevile alivyofundishwa. Akavuta. Kikapanda, kikakaa kifuani. Na palepale nikauona uso. Ukaanza kuiva. Shingo ikajaa. Magoti yakatetemeka kidogo tu, ule mtetemeko wa siku ile ya ekseli. Uwanja wote kimya, unasikia bendera tu. Nikafungua mdomo, askari akainua kiboko. Nikamtazama kocha. Amesimama wima, raba nyeupe, filimbi shingoni, midomo inacheza kama anasali. Ikaanza na p. Niliona kabisa midomo imeshikana kwa p, nikasema moyoni, mama mdogo nisamehe.

Halafu mzee wa kanisa akajaza kifua chake, na kwa sauti ya Haji kabisa, sauti ya kuamsha lori, akapiga kelele mbele ya jeshi, kiwanda na wilaya nzima:

"TOA UPEPO!"

Pssss! Binamu akatoa. Iliyosikika pale si hewa ndogo.

Wakati ule mtu alikuwa hacheki ovyo. Kwanza unatazama uso wa mkubwa. Kwa hiyo uwanja mzima uligeuza shingo kwenye hema, mashavu yamejaa, watu wanaumia. Mkubwa akatoa miwani. Akamtazama kocha. Akamtazama binamu. Nikajiuliza kama nitaweza kuruka kamba nikamkamate kocha tukimbilie mpakani Malaba kabla hawajamaliza kukasirika. Halafu tumbo lake likaanza kutikisika, na fimbo ikaanguka, na akacheka mpaka akapiga meza ambayo haikuwepo, ilikuwa bado Mulanda.

Hapo uwanja ukapasuka. Na katikati ya kicheko chote hicho kocha alikuwa haoni mtu wala hasikii, mikono kama ndoo mbele ya mdomo: "Jaza! Jaza, ndugu yangu! Peleka!"

Chuma kikaenda juu. Kikasimama. Binamu chini yake, amenyooka kama mlingoti, uso wake wa kawaida kabisa, kama mtu anayengoja chai.

Mkubwa akamwita kocha. Tukanyamaza tena, maana siku zile Mkenya kuitwa na mtu mwenye fimbo halikuwa jambo la kuchezea. Kocha akasimama mbele yake mikono pajani.

"Wewe. Umemwambia nini yule?"

"Nimemwambia atoe upepo, afande."

"Na ametoa?"

"Ametoa, afande."

"Mimi nimesikia!" mkubwa akasema, akaanza kucheka upya, akamwachia aende. Kocha alirudi kwetu anatembea vizuri mpaka alipofika nyuma ya kamba, hapo akaniangukia, nikamdaka. Trakisuti ilikuwa imelowa yote. Nikamkumbatia nayo.

Haji alifika na meza zake mambo yameisha. Tulipomweleza alikataa kuamini. Akamshika Mkenya mabega, akasema, "Mwalimu, sema tena, na mimi nisikie." Mkenya akasema hapana, ile ilikuwa ya siku moja. Haji akamwomba kwa jina la lori, kwa jina la mama. Tulirudi Busia nyuma ya lori hilo, kwenye kila shimo la barabara Haji akitoa kichwa dirishani anauliza, "Hata kidogo tu?"

Kiwanda kilimchukua binamu. Kabla hajaripoti kazini tulikwenda naye Lumino, mimi, yeye na kitambulisho chake. Mama mdogo hakutazama kitambulisho. Alimgeuza mtoto wake kwanza, akampandisha shati, akapitisha kiganja kwenye uti wa mgongo kuanzia juu mpaka chini, polepole, kama anayetafuta mwiba. Halafu akamshusha shati.

"Upo," akasema. Na kwangu: "Mwalimu ni nani?"

"Ni wawili, mama mdogo. Mmoja wa huku, mmoja wa ng'ambo. Wote nimewapima mimi."

Akaenda kukamata kuku wawili.

Nilimpelekea Mkenya kuku wake jioni ileile. Nilimkuta godauni, amesimama mbele ya kioo, kijana mpya ananyanyua. Alimpokea kuku kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kiswahili chake cha pasi, nami nikauchukua ufagio kwa mazoea, halafu akaniuliza, macho bado yako kwenye ufa wa kioo:

"Na lile bega lako, ndugu? Linauma ukiinua, au ukishusha?"

Nikamwambia limepona, mwalimu. Limepona kabisa.

"Mungu ni mwema," akasema. "Basi weka ufagio, uje upumue."

Nikauweka chini, nikakaa.